Mpangaji wa Soweto

Desemba 2

Mtihani wa kidato cha nne umekwisha, mvua imeanza, na mimi nimegeuzwa kuwa mpishi, dobi na mlinzi wa mdogo wangu Tumpe. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Baba amekwenda Tukuyu kumchukua babu, baba yake mzazi, kwa sababu kifua kimemzidi na huko hana mtu wa kumwangalia. Mama amekuwa akihangaika na chumba cha mbele tangu asubuhi. Amefua mashuka, akayarudia, akaweka jiko la mkaa mlangoni maana babu husikia baridi hata mwezi wa kumi na moja. Babu akishafika, mama hataingia tena humo.

Desemba 4

Amefika. Amekonda. Baba alimshusha kwenye gari kama anashusha trei la mayai. Mimi na Tumpe tukapiga magoti: "Mugonile, babu." Akatushika vichwa, akakohoa, akacheka, akakohoa tena.

Mama alikuwa amejificha nyuma ya mlango wa jikoni, kitenge kimefunika kichwa na nusu ya uso. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaangaliani, hawaongei, na mkamwana halitaji jina la mkwe wake. Siku hizi mjini wengi wameacha. Mama yangu, Sekela, hajaacha hata kidogo. Kuna mzee wa kwaya kanisani anaitwa Ambokile, jina moja na babu, na mama humwita "yule wa besi." Tangu aolewe hajawahi kuuona uso wa babu, na babu hajauona wa kwake.

Kwa hiyo mjumbe ni mimi. "Esta, muulize babu yako kama atakula ndizi." Babu yuko hatua chache tu, amesikia kila neno. Anasubiri nifike, nipige magoti, niulize. "Mwambie mkamwana wangu nitakula. Ndaga fijo." Narudi jikoni na hiyo asante yake kumwambia mtu ambaye naye amesikia kila neno. Naona ni upuuzi, na leo nimemwambia mama hivyo. Amenitazama hadi nikaenda kuosha vyombo.

Desemba 9

Niandike sasa, maana nikianza kuandika mambo ya mama bila kueleza nitaonekana mwehu.

Mama anauza masweta ya mitumba soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Anayauza kweli, na kwa bei ni mkali. Lakini aliichagua biashara ile kwa sababu ya kioo. Mteja akijaribu sweta, mama humshikia kioo, na mteja anapojitazama, mama anamtazama yeye machoni. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kwa siku anakagua nyuso za watu tele, na karibu wote ni watu tu.

Asiyekuwa mtu tu, mama na wenzake humwita mpangaji. Ni pepo anayeingia ndani ya mtu na kuishi humo kama chumba cha kupanga, na anakula vya watu wa jirani. Wako wanaokula usingizi, wako wanaokula kumbukumbu. Kazi ya mama ni kuona. Mwenzake ni mama Damari, Mhehe wa Iringa, ambaye kazi yake ni kushika. Mmoja bila mwenzake hawezi kumhamisha mpangaji yeyote. Baba anajua yote na hapendi kuyazungumzia mezani.

Mimi najifunza kushika. Kuona sina bado. Huenda sitakuwa nako kabisa, na kusema kweli sioni wivu.

Desemba 15

Mvua. Nguo za Tumpe hazikauki.

Desemba 22

Babu hali mbaya. Hajala tangu juzi. Mchungaji amekuja kumwombea. Mama amekaa jikoni anasikiliza kikohozi kupitia ukutani, kila kikikatika anainua kichwa. "Nenda umwone," ananiambia. Nakwenda, narudi, nasema bado yuko. "Nenda tena."

Desemba 25

Babu ameamka mzima! Asubuhi nimemkuta amekaa kitandani, amevaa koti la kanisani, anauliza kama humu ndani watu hawasali siku ya Krismasi. Ametembea kwa miguu yake hadi kanisani, mvua inanyesha, mwavuli amekataa. Baada ya ibada watu walipanga mstari kumsalimu, naye aliwasalimu mmoja mmoja zile salamu ndefu za Tukuyu, za ng'ombe na mahindi na wagonjwa na waliozaliwa, akawashika mikono hadi wengine wakaanza kupepesa macho. Mama alipitia mlango wa pembeni ili asikutane naye. Jikoni nilimkuta analia huku anamenya viazi. Furaha tu, alisema.

Januari 6

Mama Sabina, anayeuza viatu jirani na meza ya mama, amepoteza sauti. Mwanamke ambaye ukiwa stendi unamsikia akiita wateja! Anaonyesha bei kwa vidole. Wanasema ni mafua.

Januari 10

Sasa ni mwalimu wa kwaya, dada anayeuza vocha, na mzee wa besi. Wote wamekauka sauti. Mama Sabina amelala tu, hainuki kabisa, anatazama dari. Mama amesema kwa sauti ya chini, "Huyu anakula sauti. Akimaliza sauti anakula pumzi." Nilimwona akipiga simu Iringa.

Januari 13

Leo mama amenitia aibu. Gerson, kijana wa bodaboda anayenisalimia salimia hapo kona, alisimama kunipa lifti, mama akatokea, akamshika kidevu mbele ya watu, akamtazama macho kama anakagua mbuzi. "Nenda zako, baba, wewe huna kitu." Huna kitu! Kijiwe kizima kilicheka. Gerson hatanipa lifti tena maisha yangu yote.

Mama amekagua Soweto, mtaa wetu, nyumba kwa nyumba, kwa kisingizio cha kuuza masweta. Amekagua kanisa, amekagua soko. Anarudi macho mekundu. Hakuna kitu.

Januari 21, Iringa

Baba alikuwa anakwenda Ruaha Mbuyuni kupakia vitunguu, akanishusha Iringa kwa mama Damari nikajifunze. Hapa ni mlimani, upepo unapita chini ya mlango. Mama Damari ni mfupi, mnene, anasuka vikapu, mikono yake ina nguvu za kutisha. "Kamwene, mwanangu," alinisalimia Kihehe, akanishika vifundo vya mikono, nikajaribu kujinasua hadi nikatoka jasho.

"Kushika siyo kubana," anasema. "Ukibana, na mwenye nyumba unambana. Mshike kama mtoto unayemwogesha, anateleza lakini hadondoki."

Januari 26, Iringa

Nimejifunza kwake jambo ambalo mama hakuwahi kunieleza. Nilimuuliza kwa nini mpangaji asimuue tu yule aliyemwingia.

"Amuue akae wapi?" alisema. "Mpangaji huyu siyo kama wapangaji wa vyumba vya mjini wanaovunja vitasa. Akiingia anakarabati. Kama ulikuwa na kidonda kinapona. Baridi husikii, njaa husikii. Ndiyo maana ndugu hawaji kutuita sisi. Wanakwenda kutoa sadaka ya shukrani."

"Na akihamishwa?"

"Ugonjwa wako unaukuta pale ulipouacha."

Nimeona huruma kwa ndugu wa watu hao. Nimelala mapema, upepo mwingi.

Januari 31

Nimerudi Mbeya. Matokeo yametoka, nimepata daraja la pili! Baba ameimba. Babu amenibariki kwa Kinyakyusa kirefu ambacho nusu yake sikukielewa. Jioni tumefikiwa na habari nyingine: mama Sabina amefariki. Mama hakula kuku niliyechinjiwa. Alisema, "Nilikuwa nakaa naye bega kwa bega. Nimeshindwaje kuona?"

Februari 8

Mvua. Ukungu hadi mchana.

Februari 12

Ninampenda babu jinsi alivyo sasa. Anaamka kabla yangu, ananichotea maji. Anamsindikiza Tumpe shuleni na kumrudisha, na wakirudi Tumpe anabwabwaja njia nzima, majirani wanatoka milangoni kucheka. Usiku Tumpe analala chumbani kwake kwa sababu anataka hadithi.

Mama na babu bado hawaonani. Nilimwambia mama kwamba mtu amefufuka ndani ya nyumba yake na yeye anajificha nyuma ya mlango kana kwamba anadaiwa. Nilisema ni kiburi tu kinachoitwa heshima. Alinipa sahani nipeleke.

Februari 27

Tumpe ana mafua.

Machi 3

Siyo mafua. Hana homa, hapigi chafya. Sauti yake inatoka nyembamba. Leo alitaka kuniita kutoka uani, nikaona mdomo unafunguka na hakuna kilichokuja.

Mama amemkumbatia hadi nikamwambia utamvunja. Kisha akatoka mvuani na begi la masweta, akaanza upya nyumba ya kwanza.

Machi 7

Tumpe haendi shule. Anaandika kwenye daftari la hesabu anachotaka. Leo ameandika "maji" na "Esta kaa hapa." Nimekaa.

Machi 10

Mama hali chakula. Kioo kimemponyoka kikapasuka na hakukiokota. "Huyu yuko karibu," ananiambia. "Yuko karibu hadi nasikia harufu yake kwenye nguo zangu mwenyewe. Na nimemwangalia kila mtu, Esta. Kila mtu." Baba alimwambia apumzike, akamjibu maneno ambayo sitayaandika.

Machi 13

Leo baridi ilikuwa mbaya, manyunyu tangu alfajiri, hata mbwa wa jirani amekataa kutoka. Nilikwenda uani kutoa mkaa nikamkuta babu anaoga. Maji ya bomba, yale yanayouma mifupa. Alikuwa amevua shati, anajimwagia kwa kopo, anaimba. Hakutetemeka. Ngozi ya mkono wake haikusisimka hata kidogo.

Nikakumbuka kwamba sijawasha jiko la mlangoni kwake tangu Krismasi. Hakuliomba. Nilifurahi kupunguziwa kazi.

Nilisimama na mkaa mkononi. Maneno ya mama Damari yalikuja yote kwa pamoja, nikataka yarudi yalikotoka. Nilijiambia wazee wa milimani wamezoea. Nilijiambia huyu ndiye aliyenibariki kwa matokeo yangu. Aligeuka akaniona, akatabasamu, "Esta wangu, utapata baridi." Na mimi nikatabasamu, Mungu anisamehe, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa kuondoka.

Jikoni mama alikuwa anampaka Tumpe mafuta kifuani. Niliuliza kitu kimoja tu.

"Mama, macho ya babu yana rangi gani?"

"Mimi nitajuaje?" alisema. Mkono ukasimama juu ya kifua cha Tumpe. Kisha nikaona uso wake unavyoishiwa damu, na sikuhitaji kumweleza lolote.

Machi 14

Mama Damari amepanda basi la asubuhi kutoka Iringa. Tumpe tumemhamishia kitandani kwangu, babu tumemwambia kwamba mtoto ana homa ya kuambukiza. Babu, au sijui nimwiteje, amecheka na kusema tunamdekeza.

Baba amerudi na tumemwambia. Aliegemea gari lake la vitunguu. "Ukimhamisha, kifua kinarudi," alimwambia mama.

"Kinarudi."

"Sekela, ni baba yangu."

"Najua ni nani. Nimempikia, Tukuyu na hapa, tangu uliponioa."

Baba alifuta uso kwa kofia. Tumpe alikuwa dirishani anatuangalia, mdomo wazi kidogo, anavuta pumzi kwa shida. "Na yule ni mwanangu," baba akasema. Ndivyo alivyotoa ruhusa. Hakuna mtu aliyemshukuru.

Machi 15

Niandike sasa hivi, nisije nikapunguza.

Ilikuwa baada ya chai. Mvua ilipiga bati hadi ukitaka kusikika upaze sauti. Mama Damari aliingia chumbani na kikapu, akamsalimia babu kama mgeni wa kawaida, akakaa nyuma yake akijidai anaonyesha vikapu, kisha akamshika vifundo vya mikono. Babu hakupigana. Alishangaa tu, kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.

Mama akaja hadi mlangoni. Kitenge kichwani, macho chini.

"Mkamwana," babu akasema, sauti yake ileile nzuri. "Nani amekufundisha kuingia chumbani kwa baba mkwe wako? Kwenu hawakukulea?"

Nimemwona mama akimkabili mwanamume mwenye panga. Nimemwona akihamisha mpangaji ndani ya basi lililojaa. Sikuwahi kumwona akirudi nyuma. Leo alirudi. Aligeuza uso ukutani, akatoka hadi jikoni, akakaa chini sakafuni kati ya masufuria. "Siwezi," alisema. "Esta, siwezi. Macho hayainuki." Alikuwa analia kwa hasira. "Huyu mpangaji alijua hilo. Alijua kabla hajaingia. Alichagua uso mmoja ambao mimi siuangalii."

Na hapo, pale ambapo Desemba nzima na Januari na Februari nilikuwa naona kiburi, nikaona kitu kingine. Ile heshima haikuwa shuka la kujifunika unaloweza kulivua ukitaka. Ilikuwa ndani ya shingo yake. Kitu pekee alichoweza kumpa yule mzee kila siku, bila kumgusa wala kumsemesha, kilikuwa hicho, na mpangaji alikuwa amejilaza juu yake.

Chumbani mama Damari aliita, "Jamani, sishiki hadi kesho!"

Sina macho ya mama. Mikono ya mama Damari sina. Lakini kazi moja ya nyumba hii naijua vizuri kuliko wote. Nilikwenda chumbani, nikapiga magoti pale ninapopigaga kila siku na sahani, nikasema ninavyosemaga.

"Babu, mama anaomba ruhusa ya kukuangalia."

Alicheka. "Mwambie aende kupika."

"Sikukuuliza wewe," nilisema. "Namuuliza babu yangu. Babu, mkamwana wako yuko nyuma ya mlango. Anaomba ruhusa."

Mvua ikapiga. Uso wake ukabaki unacheka, lakini kidevu kilianza kucheza, na kutoka ndani kabisa nikasikia kikohozi. Kile cha Desemba. Sikuwahi kufikiri nitakifurahia.

"Mwambie," ikasema sauti ndogo ya mzee mgonjwa, "mwambie mwanangu aje. Nimemruhusu mimi."

Niligeuka kupeleka ujumbe, mama tayari alikuwa nyuma yangu. Alishusha kitenge mabegani. Akainua uso. Akasema jina ambalo halijawahi kupita mdomoni mwake: "Ambokile."

Waliangaliana. Sijui mama aliona nini humo, hajasema. Nilichokiona mimi ni babu akimkazia macho mtu aliyempikia miaka yote hiyo.

"Kumbe ndiyo wewe, Sekela," alisema. "Kumbe una mwanya."

Mama akacheka huku analia, na mwanya ukaonekana, na hapo ndipo mpangaji alipoanza kutoka. Sauti zilitoka kinywani mwa babu moja baada ya nyingine. Mama Sabina akiita viatu, viatu, mama njoo uchague. Mzee wa besi. Dada wa vocha. Mwalimu wa kwaya akitoa noti ya kuanzia. Mama Damari alikuwa analowa jasho, hajabana, hajaachia. Ya mwisho ilikuwa ya Tumpe, ikisema "Babu, endelea, halafu fisi akafanyaje?" Kisha kitu baridi kilinipita shavuni kikatokea dirishani, na uani mvua ikafunguka kidogo kikapita.

Chumba cha pili Tumpe alipiga yowe. Baba alikimbia kutoka nje, amelowa chapachapa, akamkuta analia kwa sauti kubwa kabisa, sauti mbaya, nzuri.

Babu alikuwa amelala kifuani kwa mama Damari, amekuwa mdogo. "Nasikia baridi," alisema.

Mama mwenyewe ndiye aliyemletea jiko.

Machi 19

Mama anakaa chumbani kwa babu mchana kutwa, kichwa wazi. Wanaongea. Mimi sina kazi ya ujumbe tena. Leo nilisikia babu akimuuliza kwa nini ndizi zake huzitia chumvi kidogo mno, na mama akasema alikuwa anasubiri mtu aseme.

Machi 23

Babu amefariki asubuhi. Mama alikuwa amemshika mkono.

Aprili 5

Tumerudi kutoka Tukuyu. Msiba ulikuwa mkubwa. Wakamwana wenzake walimshangaa mama kwa kuwa alikaa karibu na jeneza, akamwita babu kwa jina, na wazee wawili wakanong'ona. Baba alisimama karibu yake muda wote.

Kuna jambo linanisumbua tangu maziko na nimekuwa nikilikimbia. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine kusema walivyomjua marehemu. Zamu yangu ilipofika, yote niliyotaka kusema yalikuwa ya Januari na Februari. Nilirudi kukaa.

Aprili 12

Mvua zinakwisha. Leo tulikula jikoni wote wanne, mlango wazi, jua kidogo sakafuni. Tumpe amerudi shule na anaongea hadi mtu unaomba pumziko. Katikati ya stori za mwalimu wao akanyamaza, akamgeukia mama.

"Mama, yule aliyenifundisha kufunga kamba za viatu alikuwa babu au yule mwingine?"

Baba akainuka, akasema anakwenda kuangalia matairi. Mama aliweka kijiko chini. Mama yangu, anayeona ndani ya kila uso, aliinama akatazama kamba za viatu vya mtoto yule.

"Alikufundisha vizuri?"

"Ndiyo. Hazifunguki hata nikikimbia."

"Basi kula, mwanangu."

Tumpe akala. Mimi na mama hatukuweza.